Ndovu Akirudi Nyuma, Anayefaa Kuogopa ni Wewe

Najua nikishaposti hii kuna watu wawili wa meza yetu watanitoa kwenye grupu. Sawa, nitoeni. Lakini someni kwanza mpaka mwisho, manake Jumamosi tuna kura, na nataka kila mtu apige akijua anapigia nini.

Kwa wageni wa hapa: sisi tunacheza Dungeons & Dragons. Ni mchezo wa kuigiza mezani. Kila mchezaji ana mhusika wake, mmoja anasimamia dunia nzima na kuwaendesha maadui (huyo tunamwita DM), na dadu ndizo zinazoamua nani kapata na nani kakosa. Ulitoka Marekani mwaka 1974, wenyewe ni Gary Gygax na Dave Arneson. Sisi tunauchezea Miritini, kwenye baraza ya kina binamu yangu, huku trela zikipita hapo nje mpaka soda zinatetemeka kwenye chupa. Vinyago vya kuagiza ng'ambo hatuna. Tuna kalenda ya mwaka juzi iliyogeuzwa na kuchorwa visanduku, tuna vifuniko vya soda vyenye herufi za majina yetu, na kwa mnyama mkubwa tuna kifuniko cha Kimbo, ambacho kwa bahati kinafunika visanduku tisa hivi. Kanuni nazo ni za bure. Tangu Januari 2023 kanuni za msingi za toleo la tano ziko chini ya leseni ya Creative Commons, kwa hivyo usije kuniambia huna pesa ya kitabu.

Haya, mambo ya Jumamosi iliyopita.

Tulikuwa watano tukivuka Mto Galana kwenye hadithi yetu. Ng'ambo kulikuwa na ndovu na mtoto wake. (Nasema ndovu. Tembo kwetu ni ya mnazi, na hiyo ni vita ya siku nyingine.) Mmoja wetu, simtaji, akarusha mshale kabla hata DM hajamaliza kueleza mandhari. Vita ikaanza. Kwenye kanuni za 2014 ndovu ana pointi 76 za uhai, na kinga yake ni 12 tu, kwa hivyo kumpata si kazi. Raundi mbili zikaisha akiwa amebaki na 31. DM akasema, "Anarudi nyuma, anamkinga mtoto, anaelekea vichakani."

Unajua tulifanya nini? Tulishangilia. Watu watano tukapiga kelele kwa pamoja: pigo la kisogoni!

Hilo ndilo jina letu la mezani. Kanuni inasema hivi: adui aliye karibu nawe akitoka kwenye ufikio wa silaha yako, unapata pigo moja la bure, hapo hapo, hata kama si zamu yako. Kila mtu anapata moja kwa raundi. Sasa hesabu. Mtu wa kawaida yuko kwenye kisanduku kimoja, na visanduku vinavyomgusa ni vinane. Mnyama wa ukubwa wa farasi au kifaru anakaa kwenye vinne, vinavyomgusa ni kumi na viwili. Ndovu anakaa kwenye tisa, na vinavyomgusa ni kumi na sita. Yani jinsi ulivyo mkubwa ndivyo watu wengi zaidi wanavyoweza kukuzunguka, na ukitaka kuondoka kila mmoja wao anakukata. Sisi tulikuwa watano tu. Mapigo matano, matatu yakampata, akaanguka hata vichaka hajafika. La mwisho lilikuwa langu. Nilitupa dadu nikapata 19, nikainuka kwenye kiti nikapiga meza kwa furaha.

Nilipokaa nikaona dogo wetu, yule wa Gredi ya 9, anakunja karatasi ya mhusika wake. Hakulia, hakutukana mtu. Alisema, "Alikuwa anaenda zake," akavaa viatu, akatoka. Wiki nzima hajajibu kwenye grupu. Na nyie mnasema ni utoto.

Mimi nasema dogo yuko sawa na sisi watu wazima ndio tumepotea. Tena siongelei huruma, najua mkisikia huruma mtaanza kucheka. Naongelea kanuni. Kanuni hii, jinsi tunavyoicheza kwa viumbe vikubwa, inaiweka hatari upande usio wake. Kitu kikubwa kikirudi nyuma, si chenyewe kilicho hatarini. Aliye hatarini ni yule aliyesimama karibu.

Mtu wa Miritini unahitaji kuelezwa hili kweli? Kaka yangu ni tanboi wa trela. Nenda jioni kwenye yadi yoyote ya makontena hapa, uangalie trela yenye kontena la futi arobaini ikirudi nyuma. Futi arobaini ni visanduku vinane vya kalenda yetu, na hapo hujahesabu kichwa. Dereva haoni nyuma. Kaka yuko chini anapiga ubavu kwa kiganja: leta, leta, leta, kata kushoto, hapo hapo! Mwenye mkokoteni anapisha. Mama wa mahamri anaivuta meza yake. Boda aliyekuwa anajifanya hana habari anagundua ghafla kwamba ana habari. Ushawahi kuona mtu akikimbilia kwenye trela inayorudi ati ndiyo nafasi yake ya kuipiga? Kaka yangu mwenyewe, ambaye kazi yake ni hiyo, ana kidole kimoja kisichokunjika kwa sababu ya sekunde moja ya kusimama upande mbaya. Nilimsimulia kanuni yetu akaniuliza, "Yani huo mchezo gari likirudi nyuma ndio mnalipiga mateke?"

Mtasema trela si mnyama. Sawa, tuje kwa wanyama.

Ndovu wa vita wana historia ndefu, na sehemu ya kutisha si pale wanapokuja. Ni pale wanapogeuka. Mwaka 217 kabla ya Kristo, vitani Raphia, ndovu wa Kiafrika wa mfalme wa Misri waliwakimbia ndovu wa Kihindi wa upande wa pili, wakaingia ndani ya safu za watu wao wenyewe na kuzivuruga. Miaka kumi baadaye, mwandishi wa Kirumi Livy anasimulia kwamba waendesha ndovu wa Hasdrubal, ndugu yake Hannibal, walibeba patasi na nyundo, ili ndovu akigeuka wamuue wenyewe kwa kumpigilia kwenye shingo. Fikiria hilo. Mtu anaenda vitani na chombo cha kumuua mnyama wake, kwa sababu anajua mnyama huyo akirudi nyuma ni balaa kuliko adui. Halafu mwaka 202, huko Zama, Hannibal akaja na ndovu zaidi ya 80 mbele ya jeshi. Scipio alifanya nini? Hakujaza watu ili kila mmoja apate pigo lake. Alipanga vikosi vyake vikiwa na vichochoro katikati, ndovu walipokuja wengi wakapitishwa humo mpaka nyuma, wengine wakageuka wakawavuruga wapanda farasi wa Hannibal mwenyewe. Aliyeshinda ni yule aliyepisha.

Na kama Warumi wako mbali, kisa cha jeshi la ndovu kila aliyepita chuoni hapa Mombasa anakijua. Katika masimulizi, yule ndovu mkubwa wa Abraha alipoelekezwa Makka alipiga magoti, akakataa. Wakimgeuza upande mwingine, anatembea. Wakimrudisha, analala chini. Jeshi zima na silaha zake halikuweza kumsogeza mnyama mmoja asiyetaka kusogea. Mkubwa ndiye anayeamua aende au arudi.

Sasa DM wetu, ambaye nampenda na mahamri yake nayala, ana jibu lake. Anasema: kanuni ina kitendo cha kujitoa, ukikitumia hupigwi kisogoni, lakini ndovu ana akili 3, mnyama hawezi kujua mambo ya kujitoa.

Hapa ndipo ninapokasirika, manake hilo halimo kwenye kanuni. Limo kwenye kichwa chako. Kujitoa ni kitendo cha kila kiumbe. Hakuna mahali pameandikwa kwamba lazima uwe na akili kadhaa, wala kwamba mnyama hafai. Na tukikifuata kitabu, vita ile ingekwisha tofauti kabisa. Ndovu anaenda futi 40 kwa zamu, sisi futi 30. Angejitoa, akaenda futi zake 40, tungemfuata kwa 30 na bado tungekuwa mbali naye, mikono mitupu. Zamu inayofuata anakimbia mara mbili, futi 80, yuko vichakani na mtoto wake.

Kuna jingine tulilokosea, na hili nimelisoma mara tatu kuhakikisha. Mlisema hata angetaka, tulikuwa tumemziba. Mkamwekea vifuniko vya soda pande zote kama mnafunga geti. Lakini kanuni inaruhusu kiumbe kupita katikati ya nafasi ya adui kama wamepishana ukubwa kwa ngazi mbili. Mtu ni wa kati, juu yake kuna mkubwa, juu yake kuna mkubwa sana, na huko ndiko aliko ndovu. Ngazi mbili. Anapita juu yetu. Mwendo wake unapungua hapo kwa sababu ni kama njia mbaya, lakini anapita. Hatukumziba. Tulikuwa kokoto.

Anayeonewa kweli na kitabu chenyewe ni kifaru. Yeye ni mkubwa tu, ngazi moja juu yetu, kwa hivyo kwa kanuni hawezi kupita kwenye kisanduku chenye mtu. Kifaru! Anazuiwa na mimi, kilo hamsini na tano na sandali. Kinachomfaa ni kujibana kwenye mwanya wa futi tano, ambapo kila futi moja inamgharimu mbili, na akiwa amejibana kila anayempiga anatupa dadu mbili na kuchukua iliyo kubwa. Hapo sina cha kuwalaumu nyie, hapo nalaumu walioandika.

Lakini la ndovu linaniuma zaidi kwa sababu hata silaha yake tumemnyang'anya. Angalieni karatasi yake. Akienda moja kwa moja angalau futi 20 kumwelekea mtu na kumpata kwa pembe, huyo mtu lazima ajinusuru kwa nguvu, afikishe 12, la sivyo yuko chini, na aliye chini anakanyagwa papo hapo: dadu tatu za pande kumi, ongeza sita. Soma tena: futi 20. Ndovu hawezi kukushambulia vizuri kama hajarudi nyuma kwanza! Kwake kurudi si kushindwa, ni kuvuta pumzi ya kuja tena. Sisi tumemfanya asimame mahali pamoja kama gunia la makaa, kila mtu anachota zamu yake, halafu tunajiita mashujaa.

Na dogo alijaribu kutuambia. Nyanya yake ana shamba Sagalla, kule karibu na Voi, ambako ndovu wa Tsavo wakija usiku mahindi ya mwaka mzima yanaisha. Watu wa huko wana kila sababu ya kuwachukia. Unajua wanawazuia na nini? Mizinga ya nyuki. Imetundikwa kwenye waya kuzunguka shamba. Ndovu akiigusa waya mizinga inatikisika, nyuki wanatoka, na mnyama wa tani kadhaa anageuka na kuondoka. Utafiti huo ulifanywa hapa hapa Kenya na Lucy King, na uzio wenyewe uko Sagalla mpaka leo. Hakuna anayesimama kando ya uzio na panga akingoja ndovu ageuke ampige kisogoni. Nyanya anataka aondoke. Akiondoka, nyanya ameshinda.

Kwa wale mnaoogopa kupoteza pointi za uzoefu, na najua ni wengi mezani kwetu kuliko mnavyokubali: mwongozo wa DM wa 2014 unasema kumshinda adui ni kumuua, kumtimua au kumteka. Kumtimua! Ndovu ni pointi 1,100. Tungemwacha aende tungezipata zote, 220 kila mmoja, zile zile tulizozipata kwa kumuua. Tulimuua bure kabisa.

Sasa ninachotaka Jumamosi.

Kwanza turudishe kitu kilichokuwepo zamani. Seti ya msingi ya 1981, ile ya Tom Moldvay, ilikuwa na kipimo cha moyo. Kila kiumbe kina namba kati ya 2 na 12. Mwenzao wa kwanza akifa, au nusu yao wakiisha, DM anatupa dadu mbili za pande sita. Zikizidi ile namba, wanakimbia au wanasalimu amri. Kwisha. Hakuna mjadala wa ati angepigana mpaka tone la mwisho. Mnyama aliye peke yake tumpime akifika nusu ya uhai wake, na mwenye mtoto tumpime kuanzia jeraha la kwanza.

Ile seti pia ilitofautisha kurudi na kukimbia, jambo ambalo sijui kwa nini liliachwa. Ukirudi nyuma taratibu, kwa nusu ya mwendo wako, uso ukiwa kwa adui, ulikuwa hupati adhabu. Ukigeuza mgongo ukatimua mbio, adui anapata nyongeza ya mbili kwenye dadu na ngao yako haihesabiwi. Hiyo ni haki. Mtu yeyote aliyewahi kukutana na mbwa wa kwenye yadi usiku anajua tofauti ya hizo mbili.

Na la tatu ni langu mwenyewe, sikulitoa popote. Ukitaka kumpiga kisogoni kiumbe kilichokuzidi kwa ngazi mbili, piga. Siwazuii. Lakini kwa kufanya hivyo umesimama kwenye njia yake, kwa hivyo nawe utupe dadu ya kujinusuru, 12, na ukikosa uko chini na umekanyagwa. Anayetaka kupisha anasogea kisanduku kimoja bure. Ndivyo ilivyo pale yadini, na ndivyo ilivyokuwa Zama. Kwa maadui wa saizi yetu pigo la kisogoni libaki kama lilivyo, sina shida nalo. Mtu na mtu wakikabana, ukigeuka ovyo unakatwa, hiyo ni kweli.

Najua hoja itakayokuja. Ati kurudi nyuma ni woga, na hadithi ya mashujaa haifai kuwa na woga. Nyie wenyewe mnacheza drafti pale maskani kila jioni. Kete ya kawaida inajua kwenda mbele tu, masikini, mpaka iliwe. Ni nani anayeruhusiwa kurudi nyuma? Si kingi? Mnatoana jasho saa nzima mpate kingi, na mkishampata jambo la kwanza mnalofanya ni kumrudisha nyuma. Mbona hapo hakuna mtu anayesema kingi ni mwoga?

Jana usiku nilimtumia dogo ujumbe, mrefu kiasi, nikamweleza haya yote na hesabu zake, na nikamwambia lile pigo la mwisho lilikuwa langu na nilishangilia. Alikaa saa mbili hajajibu. Halafu akaandika swali moja: mtoto wa ndovu mlimfanya nini?

Nikaenda barazani kuangalia. Kalenda bado iko mezani, hakuna aliyeikunja. Kifuniko cha Kimbo tulishakirudisha jikoni. Kile kidogo cha Fanta bado kipo pale pale, visanduku viwili kutoka mtoni. Nikakipiga picha nikamtumia.

Amesema Jumamosi atakuja, lakini zamu ya kwanza ni yake.

Sawa, ni yake.